Jinsi ya Kupima Njia za Kuwanusuru Sokwe Mtu wa Kigoma

Sokwe mtu wa Tanzania wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 2,000, na walio wengi hawaishi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe wala ya Milima ya Mahale. Wanaishi Masito, Ugalla, Ntakata na katika misitu ya Tongwe, huko magharibi mwa nchi, yaani katika ardhi za vijiji, misitu ya halmashauri na maeneo ya Serikali Kuu ambako mrina asali, mpasua mbao, mfugaji na mkulima hupita njia zilezile anazopita mnyama huyu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya uamuzi wa kuwanusuru hufanyika katika ofisi za vijiji na kata, na mara nyingi hufanyika kwa haraka, fedha za mradi zikiwa zimeshafika na muda wa kuzitumia unakaribia kwisha.

Mwongozo huu umekusudiwa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, ofisa wanyamapori wa wilaya, na mwanafunzi anayejiandaa kufanya kazi hiyo. Unaeleza namna ya kuziweka mezani njia zote zinazopendekezwa, kuzilinganisha kwa haki na kuchagua moja au mbili zinazoweza kutetewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kwa mnyama anayezaa polepole kama sokwe mtu, kila njia ipimwe kwanza kwa swali moja, nalo ni iwapo itawaongezea majike wazazi miaka ya kuishi.

Andika lengo kabla ya kutaja njia

Vikao vingi huanza na njia. Mmoja anataka doria, mwingine anataka miti ipandwe, wa tatu amesikia habari za biashara ya kaboni, yaani malipo ya kutunza misitu ili ihifadhi hewa ya ukaa, na mjadala unakuwa wa kuvutana. Anza na lengo, uliandike kwa sentensi moja, na usikubali neno "kuwanusuru" lipite bila kufafanuliwa. Kuongeza idadi ya sokwe ni lengo moja. Kuwarudisha mahali walipotoweka ni lengo la pili. Kuunganisha makundi yaliyotengana ni la tatu. Malengo hayo matatu hudai kazi tofauti, na njia inayofaa kwa moja inaweza kuwa kazi bure kwa lingine.

Lengo liwe pia na muda unaolingana na maisha ya mnyama. Kizazi kimoja cha sokwe mtu ni takribani miaka 25, ilhali miradi mingi ni ya miaka mitatu au mitano. Mtu akiahidi kwamba idadi itaongezeka ndani ya miaka mitano, ama hamjui mnyama huyu, ama anamwambia mfadhili anachotaka kusikia. Ndani ya muda huo unaweza kuahidi mambo mengine yanayopimika: mitego ya nyaya ipungue, msitu wa kandokando ya mto usikatwe, majike wanaojulikana waendelee kuonekana na watoto wao.

Fanya hesabu ya uzazi

Hatua hii hurukwa mara kwa mara, nami naiona kuwa ndiyo inayobeba uzito wa kazi yote. Jike wa sokwe mtu huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 13 hadi 15 hivi. Mimba huchukua karibu miezi minane, na mtoto akiishi, mama hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena, kwa kuwa mtoto hunyonya na kubebwa kwa miaka mingi. Mama akifa, mtoto ambaye bado ananyonya huwa hana maisha.

Chukua karatasi ufanye mfano. Tuseme kundi lina majike wazazi 10, na kila mmoja anazaa mara moja katika miaka mitano na nusu. Hao watazaa watoto wasiofika wawili kwa mwaka. Tukisema nusu ya watoto hao hufa kabla ya kukomaa, watakaobaki hawafiki mmoja kwa mwaka, na kwa kuwa takribani nusu yao ni madume, kundi linapata jike mpya mmoja katika kipindi cha miaka miwili na zaidi kidogo. Sasa ongeza kifo kimoja tu cha jike mzazi, nje ya vifo vya kawaida, kila baada ya miaka miwili: mtego mmoja, kikohozi kimoja kilichotoka kwa binadamu, au mbwa wa mwindaji. Ukuaji wote wa kundi umekwisha. Hesabu hii ni ya kubuni, na wataalamu wana programu za kompyuta zinazoifanya kwa undani zaidi, lakini hata hivi ilivyo inatosha kuonyesha kwamba njia inayozuia kifo kimoja cha jike ina thamani kubwa kuliko njia inayongojea watoto wawili wazaliwe.

Kuna jambo la pili la kimaumbile lisilopaswa kusahauliwa. Kwa sokwe mtu, madume hubaki katika kundi walimozaliwa, na majike wanapobalehe ndio huhama kwenda makundi mengine. Msitu ukikatwa katikati, anayefungiwa ni jike kijana anayetaka kuhama. Akikosa pa kwenda atabaki kwao, na hatari ya ndugu kuzaana huongezeka. Kwa hiyo unapozungumzia ushoroba, yaani njia ya msitu inayounganisha makundi, unazungumzia safari ya majike vijana, na upana wake pamoja na usalama wake upimwe kwa kuwafikiria wao.

Tafuta chanzo cha upungufu mahali penu

Gombe na Ugalla ziko katika ukanda mmoja wa magharibi, lakini matatizo yake hayafanani. Gombe ni hifadhi ndogo sana, kipande chembamba cha mabonde na vilele kati ya Ziwa Tanganyika na vijiji. Sokwe wake wanakaribia mia moja tu, na misitu ya nje iliyokuwa ikiwaunganisha na wenzao ilipungua sana tangu miaka ya 1970. Huko adui mkubwa ni maradhi pamoja na kutengwa. Mwaka 1966 ulizuka ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio, na miaka iliyofuata yakaja magonjwa ya mfumo wa upumuaji zaidi ya mara moja. Virusi vya jamii moja na VVU vimekutwa kwa sokwe wa huko pia. Mahale ni pana na ina milima mirefu, lakini nayo haikupona: mwaka 2006 ugonjwa wa upumuaji ulilikumba kundi linalotembelewa na watalii, na sokwe takribani 12 walikufa au kutoweka.

Ugalla na Masito ni habari nyingine. Ni nchi ya miombo, kavu kwa miezi mingi, na sokwe wake wametawanyika mno, kundi moja likitumia eneo lililo kubwa mara kadhaa kuliko la kundi la Gombe. Wakati wa kiangazi hutegemea sana vipande vyembamba vya misitu ya kijani kibichi iliyo kandokando ya mito na kwenye makorongo. Hapo tishio ni shamba jipya, mifugo mingi, moto wa mwishoni mwa kiangazi, msumeno unaofuata mninga, na mtego wa waya uliotegewa ngiri au funo ambao humkata sokwe kidole au mkono. Ukichukua suluhisho la Gombe ukalipeleka Ugalla bila kulibadilisha, utatumia fedha nyingi kuzuia tatizo ambalo si kubwa huko, na lile kubwa litaendelea.

Ili kujua hali ya mahali penu, si lazima kumwona sokwe mwenyewe. Kila jioni sokwe mtu aliyeachishwa kunyonya hujitengenezea kiota chake juu ya mti, akikunja na kufuma matawi, na kesho yake hujenga kingine. Wakaguzi hutembea kwenye mistari iliyonyooka iliyopangwa mapema, huhesabu viota, hupima umbali wa kila kiota kutoka kwenye mstari na kuandika umri wake. Kiota kipya kina majani mabichi, na mara nyingi kinyesi na harufu ya mkojo chini yake. Cha wiki kadhaa kina majani ya kahawia. Cha zamani kimebaki vijiti vilivyopishana ambavyo mwanga unapita katikati yake. Andika umri kwa uaminifu, kwa sababu viota huoza kwa kasi tofauti kufuatana na mvua na aina ya mti, na makosa hapo hugeuza sokwe kumi kuwa thelathini. Mbali na hesabu hiyo, kaa na warina asali. Hawa hulala porini wiki nzima, wanajua ni bonde lipi lililonyamaza tangu lini, na wanajua aliyeanza kupasua mbao huko. Ushahidi wao uandikwe kwa tarehe na mahali, kama unavyoandika vipimo.

Orodhesha njia zote, pamoja na ya kuacha mambo yalivyo

Kuacha mambo yalivyo ni njia mojawapo, na iandikwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo itakayopimwa nazo nyingine zote. Elezeni kwa maandishi hali itakavyokuwa baada ya miaka 10 na 25 iwapo hakuna kitakachofanyika. Baada ya hapo zipangeni nyingine.

Kwa maeneo ya nje ya hifadhi, njia ninayoithamini zaidi ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji wenye msitu wa hifadhi wa kijiji ndani yake. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiwezesha kijiji kuwa na msitu wake uliohifadhiwa kwa jina lake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaweka usimamizi wa ardhi hiyo mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji chini ya Mkutano Mkuu, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inatoa utaratibu wa kupanga. Nje ya Gombe njia hii imekwisha kujaribiwa. Programu ya TACARE, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Jane Goodall, ilianza na mahitaji ya watu, kama vile miche, maji, afya na mikopo midogo, kisha ikafika kwenye ramani za ardhi za vijiji. Na katika misitu iliyotengwa na vijiji, miombo imeanza kurudi yenyewe. Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa kwa bajeti. Miombo huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi ikiepushwa na moto na shoka, kwa hiyo mahali ambapo visiki bado viko hai, kuulinda msitu ujirudie ni nafuu kuliko kupanda miche. Siku ya kupanda miti hupendeza kwenye picha, lakini kabla ya kuikubali tembeeni shambani mkaangalie visiki.

Kuzuia maradhi ni njia isiyo na gharama kubwa na yenye faida ya moja kwa moja kwa majike. Inahusu barakoa, umbali wa kutosha, muda mfupi wa kutazama, makundi madogo ya wageni, na mtu mwenye mafua kubaki kambini hata kama amelipa. Mahale huruhusu wageni wasiozidi sita kwa wakati mmoja, kwa saa moja, wakiwa wamevaa barakoa. Kwa vijiji visivyo na utalii, jambo hili hugeuka kuwa vyoo vya kambi za wapasua mbao na watafiti, na mahindi yaliyotafunwa nusu yakatupwa kando ya njia. Kabla ya kijiji kuamua kuwazoesha sokwe kuwa karibu na watu kwa ajili ya utalii, kikumbuke kwamba uamuzi huo hautenguliki kirahisi: sokwe aliyemzoea binadamu hawezi kumbagua mgeni mwenye barakoa na mwindaji mwenye mbwa.

Doria na kung'oa mitego havina budi kuwapo, lakini haviwezi kusimama peke yake. Askari wa wanyamapori wa kijiji anayelipwa miezi sita ya mradi kisha akaachwa atarudi shambani, na waliokuwa wakimwogopa watajua siku hiyohiyo.

Njia za kipato zinahitaji macho makali kuliko zote. Asali ya miombo ina historia ndefu Kigoma na Tabora, na mrina ana sababu yake mwenyewe ya kutaka msitu usimame. Biashara ya kaboni imewaingizia fedha wanavijiji wa Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, wanaolinda misitu yenye sokwe, nayo inafaa kuchunguzwa kwa makini, mikataba ikisomwa kwa Kiswahili mbele ya wananchi, na mgawanyo wa fedha kuandikwa kabla ya saini. Mchikichi nao ni uhai wa uchumi wa Kigoma na unapewa msukumo mkubwa, lakini hupenda mabonde yenye unyevu, yaani palepale penye msitu wa mtoni ambao sokwe wa Masito na Ugalla huutegemea kiangazi. Mchikichi uliopandwa kwenye ardhi iliyokwisha kufyekwa ni msaada. Uliopandwa kwa kufyeka msitu wa mtoni unaondoa chakula cha kiangazi chote. Njia moja, kwa jina lilelile, inaweza kupata alama ya juu au ya chini kutegemea mahali mche unapowekwa.

Inabaki njia ambayo watu huipenda kuliko zote, ya kuleta sokwe kutoka mahali pengine. Tanzania ina mfano wake. Kati ya 1966 na 1969, sokwe mtu 17 waliokuwa wamefugwa Ulaya waliachiwa huru katika Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, na uzao wao uko hadi leo. Wapenzi wa njia hii hutaja Rubondo kama ushahidi, lakini masharti yake hayafanani na ya Kigoma. Rubondo ni kisiwa, na hakukuwa na sokwe wengine wa kuwapokea kwa vita. Bara, madume wa kundi lenyeji hushambulia wageni na kuwaua, kama ilivyoshuhudiwa Gombe katika miaka ya 1970 hata kati ya sokwe waliokuwa kundi moja kabla ya kugawanyika. Mnyama aliyelelewa na watu anaweza pia kuleta maradhi, au kutowaogopa watu akaingia kijijini. Miongozo ya kimataifa ya kurejesha wanyama porini inadai kwanza sababu iliyowamaliza iwe imeondolewa, na ikiwa imeondolewa mahali ambapo bado kuna sokwe, mara nyingi waliopo wataongezeka wenyewe. Kwa Kigoma naiweka njia hii mwisho, na kwa sheria hakuna kijiji wala wilaya inayoweza kuianza bila mamlaka za wanyamapori na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI).

Toa alama, kisha uzitikise

Chagueni vigezo vichache na mvipe uzito kabla ya kutoa alama kwa njia yoyote, kwa sababu mtu akishajua njia yake iko wapi atavuta uzito upande wake. Tuchukue kijiji cha mfano kusini mwa Mto Malagarasi. Faida kwa majike wazazi imepewa uzito wa 5, ridhaa na maisha ya wanakijiji 4, uwezekano wa kutekelezwa 3, na uwezo wa kulipia gharama baada ya mfadhili kuondoka 2. Kila njia inapewa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila kigezo, kisha alama inazidishwa kwa uzito.

Mpango wa ardhi wenye ushoroba umepata 2 kwa faida ya majike, 3 kwa ridhaa, 2 kwa utekelezaji na 2 kwa gharama, jumla 32. Doria peke yake imepata 2, 1, 2 na 1, jumla 22. Kuhamishia sokwe kumepata 0, 1, 1 na 0, jumla 7. Ushindi unaonekana wa wazi, na hapo ndipo vikao vingi hufunga daftari, wakati kazi imebaki nusu.

Tikiseni kila alama mliyoitoa kwa kukisia. Alama ya 3 ya ridhaa imetoka wapi? Kama imetolewa na wajumbe walioketi chumbani, na wafugaji waliohamia bondeni hawakuitwa, alama hiyo haina msingi. Ikishuka hadi 1, mpango wa ardhi unabaki na 24 na bado unaongoza kwa tofauti ndogo. Ikishuka hadi 0, unapata 20, na doria inaupita. Sasa mmejua swali moja linaloamua kila kitu: je, wafugaji na wakulima wa bonde hilo watakubali mpaka, na kwa masharti gani? Muda na nauli zilizobaki zitumike kulijibu swali hilo, kwa kwenda bondeni na kuzungumza nao, pamoja na wanawake wanaochota maji na kuokota kuni huko, kabla ya kununua kifaa chochote.

Vipo vigezo visivyopewa alama, kwa kuwa ni vya lazima. Njia inayovunja sheria, inayomnyima mtu ardhi yake bila utaratibu na fidia, au inayoongeza uwezekano wa maradhi kupita kati ya binadamu na sokwe itolewe mezani hata kama jumla yake ingekuwa ya kwanza. Hapa sikubaliani na wanaosema kwamba hasara ya watu ni gharama ya uhifadhi. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa vipindi vingi, ardhi imebanwa, na familia iliyohamishwa kwa nguvu kwenye bonde moja hufyeka bonde la pili. Sokwe hafaidiki chochote.

Wekeni vipimo vya kubadili uamuzi

Uamuzi uandikwe pamoja na hali itakayowafanya muuache. Kwa mfano, idadi ya mitego inayopatikana kwa kila kilomita ya doria isiposhuka ndani ya misimu miwili ya kiangazi, au mashamba mapya yakionekana ndani ya mpaka mliokubaliana, kamati ikutane ndani ya mwezi mmoja. Msingojee hesabu ya viota peke yake. Sokwe ni wachache na hesabu yao hubeba shaka kubwa, kiasi kwamba kundi linaweza kupoteza theluthi yake kabla tofauti haijaonekana wazi katika takwimu, ilhali mitego, visiki vibichi na moshi wa mashamba huonekana mwaka huohuo.

Muhtasari wa kikao ubebe orodha ya njia zote zilizofikiriwa, uzito wa vigezo, alama, majina ya makundi ya watu walioulizwa na yale ambayo hayajaulizwa, pamoja na tarehe ya mapitio. Nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji, moja iende kwa mtendaji wa kata na moja kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, ili kamati mpya itakapochaguliwa ijue kwa nini njia fulani ilikataliwa na isilazimike kuanza mjadala upya wakati msumeno unaendelea kufanya kazi bondeni.